Ngeli ya Vimiminika

Saa kumi na moja alfajiri, Embakasi,
baridi ya Julai imenifuata hadi ndani ya glavu.
Mkanda unapita, trei zinapita,
mishipi, kompyuta, viatu vya watu vikiwa bado na joto,
nami nasema ninalosema kila siku:
maji toa, mafuta toa, marashi toa,
chochote cha majimaji, mwisho mililita mia.

Ndipo akasimama Bi Syokau,
sweta ya kijani, soksi bila viatu,
begi lake limerudishwa na mashine mara mbili.
Nikapapasa kati ya kanga na dawa za presha,
nikatoa chupa iliyowahi kuwa ya juisi,
kifuniko kimezungushiwa utepe,
ndani kitu kizito, cheusi chenye wekundu.

"Ni nini, mama?"
"Asali ya mzinga."
Lekishon, wiki yake ya pili kazini,
akageuka kama aliyetajiwa silaha.
"Mzinga wa nyuki," akasema mama
polepole, kama anayeandika ubaoni.
"Ya Mwingi."
"Hata ingekuwa kidogo," nikamjibu, "haipiti."

Akavaa miwani.
Miaka thelathini na minne nimefundisha Kiswahili, akasema,
na tangazo lenu nimelisoma lote nikiwa kwenye foleni.
Mmeandika maji. Haya, sikiliza:
maji, maziwa, mafuta, mate, machozi,
hata matope,
hayo ni ngeli moja, hayana umoja,
hayashikiki, yanakwenda yanakotaka.
Asali ni I. Asali hungoja.
Maji yakimwagika hayazoleki, si ndivyo mlivyofundishwa?
Asali ikimwagika, mwanangu, huzoleka
hata kwa kidole.

"Na petroli je, mwalimu?" mtu akauliza kutoka nyuma.
"Petroli ni neno la kukopa," akajibu bila kugeuka.

Foleni ikacheka. Mimi nilipata D ya Kiswahili,
na ni ngeli hizi hizi zilizonipa.
Msimamizi alikuwa ananitazama kupitia kioo.
Nikainua chupa kwenye mwanga, nikaipindua.

Kiputo cha hewa kikaanza kupanda.
Kikapanda bila haraka, kikasita kwenye bega la chupa,
kikaendelea.
Sote tulikingoja, hata wenye ndege za kuwahi.
Kilipofika juu, hakuna aliyehitaji kuniuliza.
Inamiminika. Polepole, lakini inamiminika.

Hakulia. Angelia ningejua la kufanya,
machozi hatuyapimi.
Aliuliza tu pipa liko wapi,
akataka kuitia mwenyewe,
akafika, mkono ukakataa kufunguka.
Akanipa mimi.
"Nyuki wa marehemu," akasema. "Walihama mwezi wa nne.
Hii ndiyo ya mwisho. Binti yangu yuko Aberdeen,
aliomba kijiko kimoja tu, mimi ndiye niliyejaza chupa."
Kisha akainama kuvaa viatu,
akachukua muda mrefu kwenye kamba za kushoto.

Saa saba mchana zamu iliisha.
Kanuni inasema vyote viteketezwe, tutie sahihi.
Nilitia sahihi.
Kwenye chumba cha mifagio nilibandua utepe kwa ukucha.
Ilikuwa na ladha ya mgunga na moshi,
na uchungu kidogo mwishoni, kooni.
Mchovya asali hachovyi mara moja, wahenga walisema,
nami sikuwa wa kuwabishia.

Mlangoni kuna kile kimashine cha kutokea,
unaweka kidole gumba kinakutaja jina.
Nikaweka.
Hutambuliki. Jaribu tena.
Nikalamba kidole, nikakipangusa kwenye sketi, nikaweka.
Jaribu tena.
Nyuma yangu Lekishon alisimama na mkoba wake,
akikitazama kidole changu,
asiseme neno.